Aonjaye Kwanza

Clotilda wa Nyakahura aliogopa sumu kama wengine wanavyoogopa radi. Haikuwahi kumpiga yeye mwenyewe, lakini kila wingu lilipotanda alikuwa wa kwanza kukimbilia ndani. Majirani walimcheka. Walisema mama huyu akipewa maji na malaika, atamwambia malaika anywe kwanza. Yeye hakukasirika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Clotilda nyoka wake alimjua.

Alizaliwa Kibimba, wilaya ya Ngara, kwa wazazi Wahangaza. Alipokuwa msichana, baba yake alikwenda kunywa pombe kwa jirani akarudi anaimba. Haukupita muda tumbo likavimba, macho yakawa ya njano, akafa kabla maharage hayajavunwa. Mganga wa zahanati alisema ni ini. Kijiji kizima kilisema amelishwa sumu, na mganga wa zahanati hakupata hata mtu mmoja wa kumuunga mkono. Pale makaburini mama yake alimshika mkono akamwambia, "Ukiolewa, mumeo asimeze kitu ambacho wewe hujakionja." Clotilda akakubali huku analia.

Watu wa kule wana adabu yao ya pombe. Rubisi, pombe ya ndizi, haipewi mgeni hivi hivi. Mwenye nyumba hutumbukiza mrija kibuyuni akafyonza yeye kwanza. Mgeni akishaona koo la mwenyeji limepanda na kushuka, ndipo hupokea mrija uleule akanywa kwa raha zake. Mrija ni mmoja, midomo ni mingi, na anayeufuta kabla ya kunywa amemtukana mwenziwe. Wengi hufanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyobisha hodi. Clotilda aliichukua adabu hiyo akaifanya dini. Alionja chai, alionja mchuzi, alionja maji ya mtungi aliyoyateka mwenyewe, hata dawa ya kikohozi aliilamba kwanza kwenye kijiko ndipo mume akapewa.

Mume mwenyewe alikuwa Anastazi, Msubi wa Biharamulo, mkulima wa migomba na mpikaji wa rubisi, mtu mrefu aliyependa mzaha. Watu wakishuka kwenye malori pale barabarani Nyakahura walimkuta na vibuyu vyake na kicheko chake, wakaondoka wamelewa vyote viwili. "Mwanamke huyu," alikuwa akiwaambia wateja, "tangu nimuoe sijawahi kuupata utamu wa kwanza wa kitu chochote. Mimi ni mtu wa makombo." Lakini kikombe kikiletwa hakijaonjwa, aliusogeza mkono wake nyuma akasubiri. Mzaha ulikuwa mdomoni, woga nao ulikuwa umeshamwingia tumboni bila yeye kujua.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Barabara ile iliyokuwa ikipitisha ng'ombe na baiskeli ikajaa watu wenye magodoro kichwani, kwanza Warundi, halafu Wanyarwanda wasiohesabika, halafu Warundi tena. Wanyakahura wengi hawakuelewa wanachosema. Clotilda alielewa. Kihangaza chake na Kirundi chao ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo wanawake walipokaa kivulini kwake kupumzika aliwasikia neno kwa neno. Na alichokisikia ni kwamba waliowakimbia walikuwa majirani zao, watu waliokuwa wakinywa nao kwa mrija mmoja. Laiti asingeelewa. Kuanzia hapo alionja mara mbilimbili.

Wakimbizi hawakuleta huzuni tu, maana watu hawa walikuja pia na akili zao. Habonimana, Mrundi mpole aliyeishi kambini, alikuwa na kimeza chake pale sokoni Nyakahura: sabuni, nyembe, viberiti, na vidonge. Mkubwa wa vidonge alikuwa rangi mbili, ile kapsuli nyekundu na nyeusi. Alikoipata hakuna aliyemuuliza. Baadaye watu walipotafuta wa kumlaumu walimlaumu Habonimana, nami nasema ni uongo wa mchana kweupe, kwa sababu waliokuwa wakipanga mstari ni sisi. Kikohozi, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Kuku akisinzia, alifunguliwa kapsuli akamwagiwa kwenye maji. Hakuna aliyemaliza dozi, maana dozi ilikuwa ni maumivu kuisha.

Clotilda alikuwa na jino bovu la nyuma, lenye tundu la kuingia punje ya mtama. Lilipouma alifungua rangi mbili, akalijaza tundu kwa unga wake mchungu, akatulia. Likiamka tena, akalijaza tena. Alifanya hivyo kwa misimu mingi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya tundu lile alikuwa anafuga kitu.

Ugonjwa wa Anastazi ulianza shingoni. Tezi lilitoka chini ya taya kama kokwa, halihami wala haliumi, kisha likapata wenzake. Alimeza rangi mbili kwa msimu mzima. Matezi hayakujali. Jasho likaanza kumtoka na suruali zikamlegea, ndipo kaka yake Evaristi alipomtia kwenye gari pamoja na Clotilda wakaenda hospitali ya misheni, mbali, upande wa pili wa msitu. Huko walikata kipande cha tezi wakakipeleka kupimwa, na jibu liliporudi, Daktari Shibuda, Msukuma mwenye sauti ya chini, aliwakalisha wote watatu.

"Ni kansa ya matezi," alisema. "Siyo ya kukata. Inatibiwa kwa dawa za mshipani, kwa awamu. Kwa namna yako, mzee, wengi hupona."

Clotilda alisikia neno la kwanza peke yake. Hayo mengine aliyapata baadaye kwa kusimuliwa na shemeji yake.

Dawa zile zilikuwa kali. Zilimnyonyoa nywele Anastazi, zikamchubua kinywa, na mishipa ya mikono ikakauka ikawa migumu kama kamba ya katani, sindano ikigonga inateleza. Ndipo daktari alipomwekea mpira mwembamba mrefu unaoingia chini ya mtulinga na kuishia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Ncha yake ilibaki nje, kifuani, ina kifuniko kidogo. Daktari aliuita katheta. Sista Ildefonsa, mtawa aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi, aliuita mpira. Lakini Anastazi alipoamka akautazama umechomoza kifuani mwake, alicheka kwa mara ya kwanza tangu anyonyoke nywele.

"Mama Agness," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao, "tazama. Wamenitia mrija. Nimekuwa kibuyu."

Jina likashika. Wodi nzima ikauita mrija wa Anastazi, hata sista mwenyewe akajikuta anauita hivyo. Ndipo lilipoanzia balaa, kwenye kicheko kile, kwa sababu kitu ukikiita mrija, mkono wako na mdomo wako vitakitendea kama mrija.

Ilitakiwa mpira usafishwe kila wiki, la sivyo damu ingeganda ndani na njia ikazibika. Wangebaki hospitali, lakini migomba ilikuwa inaanguka shambani, na njia ya kwenda na kurudi ilikuwa na majambazi wenye bunduki, magari yakipita msituni kwa msafara wenye askari. Sista Ildefonsa akaamua kumfundisha Clotilda. Alimpa mabomba ya sindano, chupa ndogo za maji ya chumvi, pamba na spiriti, akasimama juu yake kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mikono, mama. Osha kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Ukimaliza, osha tena. Mtu yeyote asiuguse mpira huu kwa mkono mchafu. Umenielewa? Mkono!"

"Nimeelewa, Sista."

Na alielewa. Sista alisema mkono, na mikono ya Clotilda ikawa misafi kuliko ya padri. Habari ya mdomo sista hakuisema, kwani ni mtu gani mwenye akili timamu angeupeleka mdomo huko?

Jumapili ya kwanza nyumbani, baada ya misa, Clotilda alitandika kitambaa cheupe, akanawa, akafuta kifuniko kwa spiriti, akavuta maji ya chumvi kwenye bomba. Anastazi alikuwa ameketi kitandani, shati limefunguliwa. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. Ugonjwa ulikuwa umembadilisha. Mtu aliyekuwa akicheka woga wa mkewe sasa alishtuka mlango ukigongwa, akauliza nani kapita njiani, nani katazama dirishani. Yale maji yalikuwa yanakwenda moyoni moja kwa moja, na yeye alilijua hilo.

"Umeonja?" aliuliza.

Clotilda alisita. "Baba Agness, hii ni dawa."

"Hata baba yako aliambiwa ni pombe," alisema Anastazi. "Onja kwanza."

Basi akaweka ncha ya bomba kwenye ulimi, upande wake wa nyuma uliozoea kuonja, akasukuma tone. Chumvi tupu. Alimeza ili mume alione koo lake likipanda na kushuka. Anastazi akashusha pumzi, akamsogezea kifua. Clotilda alichomeka ncha ileile kwenye mrija, akasukuma taratibu kama alivyofundishwa, kwa mikono misafi isiyo na doa.

Hakuna kilichotokea. Ilikuwa hivyo kwa Jumapili kadhaa, na Clotilda akajisikia, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba woga wake umepata kazi ya maana. Alikwenda hospitali na mumewe kwa awamu nyingine ya dawa, wakarudi, matezi yakawa yamesinyaa mpaka huwezi kuyaona. Anastazi akaanza kuzungumzia kupika rubisi ya Krismasi.

Jumapili moja alikuwa hajaondoa hata bomba, mume akaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa baridi ya asubuhi. Meno yaligongana, kitanda kikagonga ukuta, midomo ikageuka rangi ya jivu, na macho yake yakamtazama Clotilda kama mtoto anayezama anavyomtazama aliye ukingoni. Alimlalia juu na mablanketi yote ya nyumba. Baadaye joto likapanda, likashuka, akalala hoi. Wakasema ni malaria. Wakampa dawa ya malaria, na juu yake rangi mbili kutoka kwa Habonimana.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Maji yaliingia, na kabla hajafunga kifuniko, mtetemeko ukaja.

Hapo ndipo Clotilda alipoogopa hasa. Malaria haingojei Jumapili baada ya misa. Malaria haingojei bomba. Kitu kilikuwa ndani ya maji yale! Mtu alikuwa ameingia ndani wakiwa kanisani, akafungua chupa, akatia mkono wake. Alizitazama chupa zote, akazinusa, akazitupa chooni. Alifungua mpya mbele ya macho ya mume. Na sasa hakuonja tone moja tu. Alijaza ulimi, akayasukumia upande huu na huu wa kinywa, akayapitisha kwenye jino bovu ili hata uchungu mdogo usimpite. Chumvi tupu. Akaitia ncha kwenye mrija huku machozi yanamtoka, akimwomba Mungu.

Mtetemeko wa mara hiyo nusura umuue mtu.

Evaristi alikuja na gari la kukodi. Alikuwa mtu wa maneno machache na moyo mgumu, kaka mkubwa aliyemlea Anastazi baada ya wazazi kufa. Alipomwinua mgonjwa, mgonjwa alikuwa anapayuka, anaita watu waliokufa. Evaristi alimgeukia shemeji yake.

"Ilianza lini?"

"Kila nikisafisha mrija, shemeji. Nikisafisha tu, inaanza."

"Unaposafisha wewe."

"Ndiyo. Mimi."

Evaristi hakusema neno mpaka walipoingia msituni, nyuma ya lori la askari, gari likirukaruka na mgonjwa amelazwa mapajani mwa mkewe. Ndipo aliposema, bila kugeuza shingo, "Kikulacho ki nguoni mwako." Clotilda alijua anasemwa nani. Aliogopa majambazi wa msituni, aliogopa joto la kichwa kile mapajani mwake, lakini neno lile lilimwogofya kuliko vyote. Kwao Kibimba alishawahi kuona mwanamke akifukuzwa na watoto wake kwa neno dogo kuliko hilo.

Hospitali wakamlaza peke yake kwenye chumba kidogo. Daktari Shibuda alisema askari wa damu, wale wanaopigana na vijidudu, wameuawa na dawa za kansa pamoja na kansa yenyewe, na adui ameingia mjini wakati geti halina mlinzi. Akampa dawa ya kwanza. Joto halikushuka. Akampa ya pili, kali zaidi. Joto likacheka. Damu yake ikapelekwa Mwanza kuoteshwa, na zile siku za kungoja Clotilda alikaa kwenye benchi la korido, akiwa na kikombe cha uji mkononi ambacho hakuna aliyekinywa. Kila daktari alipopita, yeye alisimama.

Jibu lilikuja kwa redio ya misheni. Daktari aliwaita yeye na Evaristi, sista akasimama mlangoni.

"Tumempata mdudu," alisema daktari. "Yumo kwenye damu, tena ni sugu. Dawa hizi za kawaida, zile zote mnazonunua sokoni, amezizoea, anazilalia kama godoro. Imebaki moja ninayoiamini. Hapa hatuna, lakini wale madaktari wageni wa kambi ya wakimbizi wanayo, nimeshatuma gari." Akapangusa miwani. "Kinachonishangaza ni aina yake. Huyu makao yake ni kinywani mwa mtu. Kwenye meno, kwenye fizi. Kifuani amefikaje?"

Clotilda aliinua uso.

Daktari aliendelea, akijijibu mwenyewe. "Nadhani ni vidonda vya kinywa chake. Zile dawa zilimchubua, mdudu akapenya hapo akaingia kwenye damu. Kama ni hivyo, mpira hauna kosa. Nitauacha, maana nikiutoa sina mshipa mwingine wa kumpitishia hiyo dawa wala awamu zilizobaki. Sista ataendelea kuusafisha."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Clotilda, na nje kulikuwa na mwanga. Angenyamaza tu. Vidonda ni vya Anastazi mwenyewe, daktari kasema, msomi kasema, Evaristi kasikia kwa masikio yake. Angerudi Nyakahura na jina lake. Agness angebaki na mama. Ulimi wake ulijisogeza wenyewe mpaka kwenye jino bovu, ukaligusa, na jino likajibu kwa ule uchungu wa rangi mbili. Akaelewa yote kwa pamoja: Jumapili, bomba, tone, mtetemeko. Sumu aliyokuwa akiitafuta kwenye chupa alikuwa ameibeba shavuni.

"Daktari," alisema. Evaristi alikuwa anamtazama. Alimwogopa Evaristi, alimwogopa Mungu, aliogopa kesho. Lakini mpira ungebaki. Mdudu amejibanza mle ndani, na kila maji yatakapopita yatamsukuma moyoni, hata kama mikono ni ya sista.

Sista Ildefonsa alimwona midomo inavyomcheza. Alisogea, akamwambia polepole, "Mama, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nilikuwa naonja," alisema Clotilda.

"Unaonja nini?"

"Maji ya mrija. Kabla ya kumpa. Kila mara naonja mimi kwanza, kwenye bomba, kwa ulimi. Ili aone hamna sumu. Mikono nilinawa, Sista, naapa nilinawa! Mdomo… mdomo hukunikataza."

Sista alijishika kifua mahali pa msalaba wake. Daktari alisogea karibu, akamwomba afungue kinywa, akammulika kwa tochi ndogo. Aliangalia sana kule nyuma.

"Hili jino unalitia nini, mama?"

"Rangi mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu Warundi walipokuja."

Daktari alizima tochi. Hakumgombeza, na Clotilda angependa agombezwe. Alimwambia sista kwa haraka aandae vifaa, mpira unatoka sasa hivi, dawa ikija watatafuta mshipa mguuni, wakate ngozi ikibidi. Wakatoka mbio. Chumbani akabaki yeye na shemeji yake.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Evaristi.

"Ni mimi."

"Kinywa chako mwenyewe umesema."

"Kimesema, shemeji."

Evaristi alitema mate sakafuni, ndani ya ofisi ya daktari, akatoka.

Dawa ilifika na gari la wageni. Iliingia tone kwa tone kupitia mguuni, na mtu asiyejua angeidhania maji. Clotilda hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nje ya dirisha, kwenye majani, mgongo ukutani, akisikiliza mumewe akikohoa, maana kikohozi kilikuwa habari njema. Kimya ndicho alichokiogopa. Kikohozi kikikawia, alisimama akachungulia. Habari zilikuwa zimeshatangulia wodini. Wanawake wenzake wauguza wagonjwa walikusanya masufuria yao pale jikoni alipokaribia, wakawasogeza watoto. Hakuna aliyemwomba chumvi, wala hakuna aliyempa. Sista peke yake ndiye aliyekuja kukaa naye kwenye majani. Alimpeleka kwa fundi wa meno akang'olewa jino lile, akamletea kipande cha barafu ashike shavuni.

Joto la Anastazi lilishuka polepole, likapanda, likashuka tena, safari hii likabaki chini. Macho yakarudi mahali pake. Daktari alisema askari wa damu wameanza kuonekana mmojammoja, kama watu wanaorudi kijijini baada ya vita. Kansa bado ina awamu zake, alisema, na mshipa wa kupitishia itabidi utafutwe upya. Ila leo yuko hai. Kisha akamwambia Clotilda anaweza kumpelekea uji, kwa masharti: amenawa, na kitu cha kuingia kinywani mwa mgonjwa kisipitie kinywani mwa mtu yeyote.

Alipoingia na kikombe, Evaristi alikuwa ameshatangulia, ameketi kando ya kitanda, na kwa jinsi alivyonyamaza ghafla Clotilda alijua kwamba yote yameshasemwa. Anastazi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amekonda, kifua wazi, na pale mrija ulipokuwa pana plasta nyeupe. Hakutabasamu. Alimtazama mkewe, kisha akakitazama kikombe.

"Shikamoo shemeji," Clotilda alisema.

Evaristi hakuitikia.

Alikiweka kikombe mkononi mwa mume. Uji ulikuwa unatoa mvuke. Anastazi hakuusogeza mdomoni. Alisubiri kama alivyosubiri maisha yao yote.

"Hujaonja," alisema.

"Sionji tena, Baba Agness. Wamenikataza." Alitaka kuongeza maneno, kwamba kaupika mwenyewe, kwamba kasimama juu ya sufuria, lakini hayo ndiyo ambayo hata mwuaji angeyasema. Alikuwa hajawahi kumpa mtu huyu kitu bila kukipitisha kooni mwake, na sasa aliona jinsi kikombe kilivyo kirefu, jinsi usivyoweza kuona chini.

Evaristi alinyosha mkono. "Lete nionje mimi. Damu yako ni mimi."

Anastazi alikisogeza kikombe mbali naye. Alikuwa anaogopa, kila mtu mle chumbani aliuona woga wake, ulimjaa usoni na shingoni pale matezi yalipokuwa.

"Kaka," alisema, "je, amekwambia nani aliyemwamuru aonje? Alisita. Alisema hii ni dawa. Mimi ndiye niliyemwambia onja kwanza."

Evaristi alishusha mkono.

Anastazi aliuinua uji kwa mikono miwili. Hakuyaondoa macho kwa mkewe. Clotilda aliiona midomo iliyochubuka ikigusa ukingo, akaliona koo lake, jembamba, limepanda na kushuka, na yeye akajiziba mdomo kwa kitenge. Anastazi alikunywa mpaka mwisho. Kisha akamrudishia mkewe kikombe.

"Uji una joto," alisema. "Kesho punguza sukari."